Mafuta Yanayorudi Tangini

(Hotuba ya mwanachama mmoja katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nieleze habari za ndege niliyoiunda kwa mikono yangu nyumbani kwangu, jimbo la Wisconsin, Marekani. Huko jambo hili si ajabu. Waundaji wa namna hii walianzisha chama chao mjini Milwaukee mwaka 1953. Uundaji wenyewe ulinichukua miaka sita, na nikiusimulia mtalala. Nitasema juu ya siku iliyokaribia kutuua mimi na mke wangu.

Ilikuwa Aprili, siku ya joto lisilotazamiwa. Tulitua kiwanja kidogo, tukanywa kahawa nusu saa, tukaruka tena. Tulipokuwa kama mita mia juu ya miti, injini ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena. Nilikuwa nimezima pampu ya umeme mapema mno. Nikaiwasha, na injini ikashika. Mke wangu hakusema neno mpaka tukafika nyumbani.

Nililaumu kabureta. Nikazifungua zote mbili, zilikuwa safi. Nikadhani petroli ina maji; haikuwa nayo. Jumamosi mbili zikapotea hivyo.

Ndipo nilipokumbuka chumba cha fizikia cha shule hii. Mwalimu alichemsha maji katika chupa, akaiondoa motoni, akaiziba, akaipindua na kuimwagia maji baridi. Maji yaliyokwisha kutulia yakachemka upya! Tulicheka tukidhani ni mazingaombwe. Kumbe mvuke ukipoa, kanieneo ndani hushuka, na kanieneo ikishuka kioevu huchemka kwa joto dogo zaidi.

Basi, pampu ya injini huvuta mafuta, na penye mvuto kanieneo hupungua. Tena injini ikizimwa, hewa ya kuipoza hukoma na joto hupanda chini ya boneti. Tena tangini mwangu mlikuwa na petroli ya majira ya baridi, ambayo huko hutengenezwa iwe nyepesi kugeuka mvuke ili magari yawake wakati wa theluji. Pampu ya kusukuma kioevu ikipewa mvuke haina la kushika.

Kwa sababu hiyo injini yangu, Rotax 912, huwekewa mpira wa kurudisha tangini sehemu ya mafuta pamoja na mapovu yake. Mwanzoni mwa mpira huo mna kidude chenye tundu lisilofika nusu milimita, ili mafuta yasirudi mengi mno kabureta zikakosa. Injini ikiwa baridi, na kizima-moto kando yangu, niliuchomoa mpira upande wa tangi, nikauelekeza katika chombo cha kupimia, nikawasha pampu ya umeme dakika nzima. Halikudondoka hata tone.

Tundu lilizibwa na punje ya gundi niliyoipaka mwenyewe kwenye viungio. Sikuthubutu kulizibua kwa waya, maana likipanuka ni balaa jingine. Nikaweka kidude kipya. Kosa langu la pili lilionekana hapo hapo: nilikuwa nimeuelekeza mpira kwenye tangi la bawa jingine, ambalo likijaa humwaga mafuta nje huku lile ninalovuta likikauka. Nikauhamisha.

Mke wangu alikubali kupanda tena mwezi wa Julai. Kidude cha zamani nimekuja nacho. Vijana, kipitisheni mkono kwa mkono, mkitazame kwenye mwanga wa dirisha. Ila naomba asikipulize mtu.