Mwaka Usiolipwa: Walimu wa Masisi na Walikale Wanaoingia Ufundi Ukubwani



Nimeombwa niseme katika semina hii juu ya mwalimu anayeweka chaki chini akiwa mtu mzima, mwenye watoto na madeni, akaenda kujifunza ufundi. Nina jambo moja la kusema. Kinachomshinda mwalimu wa Masisi au Walikale, hapa kwetu Kivu Kaskazini, si mikono yake, wala si umri wake. Ni ule mwaka wa kukaa chini ya fundi, mwaka usiomwingizia kitu na ambao hakuna anayeulipia. Miradi yetu inajua kununua misumeno. Mwaka haijui kuununua.

Tulivyofika hapa mnajua, kwa hiyo nitapita haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilishindwa kulipa, migomo ikafunga shule, na wazazi pamoja na makanisa wakaamua kumbeba mwalimu kwa ile pesa tuliyoizoea kwa jina la prime. Ilikuwa ya muda, ikadumu zaidi ya robo karne. Mwaka 2004, pale Mbudi, kati ya Serikali na vyama vya watumishi, ilikubaliwa kwamba mtumishi wa ngazi ya chini kabisa apate dola 208 kwa mwezi. Karatasi ilitiwa sahihi. Mwalimu aliendelea kungoja. Mwaka 2019 ikaja elimu ya msingi bila malipo, kama kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinavyotaka. Mimi ninaiunga mkono, maana watoto waliokuwa wakirudishwa nyumbani katikati ya muhula walipata nafasi darasani. Lakini prime ilikatika, na mwalimu asiye na matrikule, ile namba ya mtumishi wa Serikali, akajikuta hana mzazi wa kumlipa wala Serikali inayomjua. Kwetu hao si wachache. Shule nyingi za vijijini zilianzishwa na makanisa au na wazazi wenyewe, majina ya walimu yakafuata nyuma kwa miaka mingi, na mengine hayajafika Kinshasa hadi leo.

Kisha vikaja vita vya M23. Rubaya ilichukuliwa Aprili 2024, Masisi-centre Januari 2025, Goma mwisho wa mwezi uleule, Walikale-centre Machi. Benki za Goma zilifungwa, na hata mwenye matrikule akaanza kutafuta njia ya kuufikia mshahara wake. Februari 2025 kambi zilizoizunguka Goma, Bulengo, Rusayo na nyingine, zilivunjwa, na familia zikapanda tena milima ya Masisi. Wengi walikuta nyumba hazina milango, na nyingine hazina hata paa. Sisemi hivyo ili tuhuzunike pamoja. Milango na paa ni kazi, na kazi hiyo inamngoja mtu anayejua kuifanya.

Hapa nitofautishe mambo mawili ambayo katika mazungumzo yetu huchanganywa. Si kila anayetoka darasani anaingia ufundi. Wapo walioshuka kwenye mashimo ya koltani Rubaya, mahali panapotajwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia nzima. Wapo waliokwenda Bisie, kule Walikale, enzi zile kasiterite ilipobebwa mgongoni kupitia msituni hadi Njingala. Siwahukumu, njaa haisubiri muhula uishe. Lakini kazi ile husimama kwa amri moja. Septemba 2010 Rais wa wakati ule alisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011, na vijiji vizima vya Walikale vikabaki vinatazamana. Machi 2025 hata kampuni kubwa ya Bisie ilisimama kwa majuma kadhaa vita vilipokaribia. Kuendesha pikipiki pia si ufundi ninaoukusudia. Kuitengeneza pikipiki ndiko ninakokusudia.

Kwa hiyo ufundi gani? Nitakaa zaidi kwenye mbao, kwa sababu ndiyo mali tuliyo nayo. Masisi ina mkaratusi na grevilea kila kilima. Walikale ina msitu. Misumari na bawaba hutoka nje, lakini kinachobaki kinaota hapa. Linganisha na kuchomelea vyuma: bila umeme wa kudumu unaishi kwa jenereta, na mafuta yakipanda faida yote inaishia kwenye tangi. Walikale-centre fundi wa kuchomelea anaweza kukaa juma zima akingoja mafuta na vyuma. Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwaka 2025, hata zile ndege zilizozoea kutua barabarani Kilambo zilikoma kuleta shehena kutoka huko. Anayechagua ufundi Walikale aanze kwa kujiuliza ni vitu vingapi atalazimika kuagiza kutoka mbali.

Mwalimu anaingia kwenye mbao akiwa na mali ambayo yeye mwenyewe haioni. Mjengaji akitaka kujua kama kona ya msingi imekaa sawa, hunyoosha kamba mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, kisha hupima mshazari. Ukitimia mita 5, pembe ni mraba. Ukizidi au ukipungua, kigingi kisogezwe. Mwalimu wa hesabu amechora pembetatu hiyo ubaoni miaka na miaka, akiwaambia watoto itawafaa maishani. Basi, imemfaa yeye.

Asichokijua ni mti wenyewe. Ubao wa mkaratusi uliochanwa juzi bado una maji, na yakitoka unasinyaa na kujipinda. Mlango uliotengenezwa Aprili kwa mbao mbichi, mvua ikiwa bado inanyesha, ifikapo Julai umepinda na komeo halifiki tunduni. Dawa yake inajulikana: mbao zipangwe kivulini, zisiguse ardhi, kati ya ubao na ubao viwekwe vijiti ili upepo upite, juu pawekwe uzito, na zingojewe miezi. Mwalimu ataandika tarehe kwenye kichwa cha kila ubao, na hilo mafundi wengi hawalifanyi. Lakini zile mbao zilizolala kivulini ni pesa zimelala. Mtu asiye na akiba huzitengeneza zikiwa mbichi, mteja hurudi kulalamika, na jina huharibika kabla halijajengeka. Mnaona tumerudi kwenye ule muda usiolipwa.

Ushonaji nitausema kwa ufupi, ingawa kwa walimu wa kike ndiyo njia iliyo karibu zaidi. Kalenda ya shule wanayo kichwani: Septemba kila mtoto anatakiwa avae nyeupe na bluu, kwa hiyo kitambaa kinunuliwe Juni na cherehani ifanye kazi Julai na Agosti, wenzao wakiwa likizo. Kazi hiyo inaweza kuanza bila kuacha darasa hata siku moja.

Sasa ule mwaka wenyewe. Kwetu mwanafunzi wa atelye, yaani karakana ya fundi, hulipa, au hufanya kazi bure, au vyote viwili. Anafagia maranda, anashika ncha ya pili ya ubao, anatumwa kununua misumari. Kijana wa miaka 16 anayavumilia hayo kwa kuwa analala na kula kwao. Mtu wa miaka 43 anarudi jioni kwenye nyumba inayomtazama yeye. Na bwana wake pale atelye huenda ni kijana aliyemfundisha mwenyewe darasa la nne na kumrudishia daftari lenye alama nyekundu. Wazee wa kijiji wanapita, wanauliza, «Mwalimu, umefukuzwa?» Aibu hii ni gharama halisi, nimeona watu wenye nguvu na akili wakiiacha kazi mwezi wa pili kwa sababu yake, si kwa sababu ya msumeno. Na macho nayo: baada ya miaka 40 mstari wa penseli kwenye mbao za rangi nzito hauonekani vizuri. Miwani ya kusomea ingestahili kuwamo katika kila sanduku la zana, lakini bado sijaiona katika sanduku hata moja.

Nani anaugharamia mwaka huo? Mafunzo ya ufundi yanayopita Masisi karibu yote yameandikwa kwa ajili ya vijana na kwa ajili ya waliotoka kwenye makundi yenye silaha. Programu ya P-DDRCS ya 2021, ya kuwapokonya silaha wapiganaji na kuwarudisha katika jamii, ina sababu zake, na mimi ni wa mwisho kusema kijana aliyeweka bunduki chini aachwe hivihivi. Lakini mtu aliyekaa darasani miaka yote hiyo bila kushika bunduki hana mstari wake kwenye fomu. INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, iliundwa mwaka 1964, na kazi yake haiishii kwa vijana: mfanyakazi mzima anayehitaji kubadili taaluma ni wa kwao pia. Lakini kwetu iko Goma, na mwalimu wa Pinga au Ntoto hawezi kulala Goma miezi sita. Na pale msaada unapomfikia, huja kama sanduku la zana. Randa na msumeno vikifika kabla ya ujuzi, vinauzwa sokoni kabla ya mwezi kuisha, na sishangai.

Pendekezo langu la kwanza ni kwamba mwalimu alipe ada ya atelye kwa kalamu. Mafundi vijana wengi wana mikono mizuri lakini hawawezi kuandika devi, yaani makadirio ya bei ya kazi. Parokia ikitaka madawati 60, au shirika likitangaza zabuni ya milango, wanaopata ni wale wa Goma wanaojua kuandika bei ya kila kitu, kukokotoa mbao zitakazopotea katika kukata, na kutoa risiti. Mwalimu anaweza kufanya hayo tangu siku ya kwanza. Akimwandikia bwana wake devi na kumtunzia daftari la mapato na matumizi, si mzigo tena pale atelye, na kidogo ile aibu inapungua, maana kila mmoja ana anachomfundisha mwenzake. Makubaliano hayo yaandikwe, yatiwe sahihi mbele ya mtu wa tatu, na yataje asilimia kwa kila kazi iliyopatikana kwa devi yake. Sehemu hiyo aiweke kwenye likelemba au AVEC, vikundi vyetu vya kuweka akiba, kwa lengo moja tu: rundo la mbao linalokaushwa.

La pili ni la karatasi. Wenye matrikule wasitoweke tu, kwani anayetoweka huandikwa mtoro. Kuna utaratibu wa kuomba disponibilité, yaani ruhusa ya kusimama kazi kwa muda, na barua yenye muhuri wa kupokelewa ihifadhiwe nakala mbili, moja mahali ambapo moto wala risasi havitaifikia kwa urahisi.

La tatu ndilo ninalotaka tulijadili kabla ya chakula cha mchana. Shule zetu nyingi zina zamu mbili, ya asubuhi na ya mchana. Mwalimu aliyewekwa zamu ya asubuhi bila kubadilishwa kwa mwaka mzima anaweza kuwa atelye kila siku kuanzia saa saba mchana. Darasa halipotezi mwalimu, naye hakosi hicho kidogo anachopata. Kinachohitajika ni orodha ya zamu iliyoandikwa kwa kufikiria jambo hilo, na orodha hiyo huandikwa Agosti na wakurugenzi. Nawahesabu wengi wao katika safu za mbele. Ningependa kusikia kwao kwanza ni nini kinachowazuia, kisha mafundi waliopo hapa watuambie wangekubali kumpokea mtu wa nusu siku kwa masharti gani.