Dawa ya Nyumbani na Mpaka Wake

Mazungumzo yetu ya leo yahusu dawa za nyumbani, zile zisizoandikiwa cheti na daktari wala kupimwa kwa mizani ya mfamasia, bali zilizotoka kinywani mwa bibi zikaingia sikioni mwa mama, na kutoka kwa mama zikahamia jikoni mwetu sisi.

Mtu apitaye leo katika barabara kuu ya Hounslow, hapa London, au apandaye basi akashukia Southall iliyo jirani, ataona katika maduka ya Wahindi, Wasomali, Waafghani, na ya wenzetu waliohamia hapa kutoka Nairobi na Kampala katika misukosuko ya mwaka 1968 na 1972, karibu kila kitu alichokiacha katika soko la Darajani au la Marikiti: tangawizi mbichi, kitunguu saumu, karafuu, mdalasini, iliki, manjano, habasoda, uwatu, sanamaki, asali na mafuta ya nazi. Kwa hiyo ughaibuni haukutunyang'anya dawa. Umetunyang'anya jicho la yule aliyezitoa, na hilo ndilo nitakalo kulisema usiku huu.

Bibi aliyemkorogea mjukuu wake tangawizi kule Ng'ambo au Kisauni alikuwa akilala naye nyumba moja. Usiku alimgusa paji la uso. Asubuhi alitazama ulimi wake na macho yake. Akiona siku ya pili haikuleta nafuu alibadili rai, na siku ya tatu alivaa buibui lake akamchukua hospitali. Ilimu yake haikuwa katika majani na mizizi peke yake, bali ilikuwa pia katika kujua kwamba mtoto huyu ana pumu, na kwamba mama wa yule ni mja mzito, na kwamba mzee wa nyumba ya tatu hafai kupewa chumvi. Ushauri ule ule leo wasafiri peke yake, bila ya bibi: sauti iliyonaswa katika simu, imetumwa na mtu tusiyemjua kwa maelfu ya watu wasiojuana, ikisema chukua hiki, changanya na kile, kunywa asubuhi na jioni, pasina kutaja vijiko vingapi, kwa mtu wa umri gani, kwa siku ngapi, na dalili gani ikidhihiri mtu aache mara moja. Atoaye dawa bila ya mpaka wake ametoa nusu yake, na nusu iliyobaki aghalabu ndiyo yenye kulinda uhai.

Wala tusidhani kuwa jambo hili ni geni katika ardhi hii tunayoikalia. Pale Isleworth, ukingoni mwa mto Thames, liko jumba la Syon, ambalo wengi wetu tumepeleka watoto kutazama bustani zake. Mwaka 1548 alikaa humo William Turner, tabibu wa Mtemi wa Somerset aliyeshika ufalme kwa niaba ya mfalme mtoto Edward wa Sita, na humo akatimiza kitabu cha majina ya mimea ya dawa kwa Kigiriki, Kilatini, Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa, pamoja na majina yaliyotumiwa na wauza dawa wa siku zake. Miaka 3 baadaye, mwaka 1551, alitoa sehemu ya kwanza ya kitabu kikubwa zaidi cha mitishamba, akakiandika kwa Kiingereza, ijapokuwa wasomi wa zama zile waliona Kilatini ndiyo lugha pekee iliyostahili tiba. Huyu alitaka mtu wa kawaida aufahamu mmea mmoja na asiutwae mwingine mahali pake. Kwetu, kazi ya namna hiyo iliwekewa msingi mwaka 1974, kilipoanzishwa pale Muhimbili, Dar es Salaam, kitengo cha utafiti wa dawa za asili, ambacho mwaka 1991 kilifanywa taasisi kamili. Nayataja haya ili asije mtu akadhani kwamba kuipima dawa ya bibi ni kumdharau bibi.

Basi tuanze na kikohozi na mafua, maradhi ambayo baridi ya Novemba huyaleta katika kila nyumba. Asali na limau si dawa ya wajinga. Mwaka 2018 taasisi ya Uingereza inayowawekea madaktari miongozo ya tiba iliitaja asali miongoni mwa mambo ya kujaribiwa kwanza katika kikohozi cha ghafula, kabla ya kukimbilia viuavijasumu, ambavyo havina nguvu juu ya virusi vya mafua. Kamua nusu ya limau katika kikombe cha maji yaliyochemshwa, tia asali kijiko kimoja cha chai au viwili, na ukipenda kipande cha tangawizi, kisha unywe ikiwa vuguvugu. Manufaa yake ni kulainisha koo na kupunguza kukohoa.

Lakini mpaka wake wa kwanza ni huu, nao hauna ruhusa: mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ya kulambishwa kwa ncha ya kidole. Katika asali huweza kuwamo mbegu za kijidudu ambazo tumbo la mtu mzima huzishinda, lakini katika utumbo mchanga wa mtoto huchipua na kutoa sumu iletayo botulizimu, ambayo hulegeza misuli yake hata akashindwa kunyonya na kuvuta pumzi. Najua kwamba baadhi ya wazee wetu humlambisha mtoto mchanga asali kwa nia ya tahniki, ile sunna ya kumwonjesha mtoto mchanga kitu kitamu. Nawakumbusha kwa adabu kuwa hadithi zilizopokewa katika jambo hilo zataja tende, hata aiachaye asali hajaiacha sunna. Mpaka wa pili ni wa siku. Kikohozi kingi huondoka chenyewe ndani ya wiki 3. Kikipita muda huo, au kikija pamoja na damu, jasho la usiku au kukonda, hapo si mahali pa tangawizi. Huenda ikawa ni kifua kikuu, nacho huponyeka kwa vidonge vinavyonywewa miezi kadhaa bila ya kukatiza. Tena asizuiwe mtu na hofu ya gharama wala ya karatasi zake za ukaazi: uchunguzi na matibabu ya kifua kikuu katika nchi hii hayatozwi malipo kwa mtu yeyote.

Jambo la pili, ambalo laniumiza moyo kila nilisikiapo, ni kujifukiza. Mvuke ni desturi yetu ya kale, na wengi mwakumbuka jinsi mwaka 2020, wakati wa korona, kupiga nyungu kulivyoenea Tanzania nzima, sufuria la majani ya mwarobaini na mchaichai likitokota na mtu akijifunika shuka juu yake. Mtu mzima aliyetulia huweza kuona pua imefunguka kwa muda. Ama mtoto, hasha. Katika vyumba vyetu vyembamba vya London, bakuli la maji ya moto huwekwa kitandani au juu ya magoti, mtoto akashituka, na maji yakammwagikia mapajani. Mwaka huo huo wa 2020 madaktari wa hospitali ya watoto ya Birmingham walitoa onyo kuhusu kuongezeka kwa watoto walioungua kwa sababu hiyo hasa, na makovu ya namna hiyo mtoto hukua nayo.

Na kwa kuwa tumefika katika kuungua, sikilizeni kwa makini. Jeraha la moto halipakwi dawa ya meno, wala siagi, wala yai, wala unga, wala asali. Dawa yake ya nyumbani ni maji ya bomba, baridi bila kuwa barafu, yaachwe yatiririke juu ya jeraha kwa dakika 20 kamili, nazo ni nyingi kuliko mtu azidhanivyo, kwa hiyo tazameni saa. Vueni nguo na bangili zilizo karibu na jeraha, isipokuwa zilizogandana na ngozi; kisha funikeni kwa ile plastiki nyembamba ya kufunikia chakula, na mgonjwa apelekwe akatazamwe ikiwa ni mtoto, au ikiwa pameungua uso, mikono au sehemu za siri, au pamekuwa pakubwa kuliko kiganja chake.

Mengine nitayapita kwa haraka. Mafuta ya karafuu, zao lililoipa Pemba jina duniani, hutuliza jino kweli, kwa kuwa imo ndani yake kemikali ya ganzi ambayo waganga wa meno wenyewe huitumia. Lakini jino lililooza hubaki limeoza, na mafuta yenyewe huunguza ufizi yasipochanganywa na mengine. Sanamaki hufungua choo, na vidonge vyake vyauzwa katika kila duka la dawa la hapa. Isitumiwe kupita wiki moja bila ya kuuliza. Wanja wa zamani wenye risasi usipakwe jichoni mwa mtoto, kwani risasi huingia mwilini ikaathiri ubongo unaokua. Na kuna dawa moja ambayo bibi zetu hawakutufundisha kwa sababu hawakuihitaji: tangu Oktoba hadi mwanzo wa Machi jua la nchi hii halina nguvu ya kuufanyia mwili vitamini D ya kutosha, na sisi wenye ngozi nyeusi, na akina mama wanaojisitiri, twashauriwa kumeza mikrogramu 10 kila siku mwaka mzima. Yauzwa kwa bei ndogo.

Wenye maradhi ya kudumu nina neno nao peke yao. Uwatu hushusha sukari, na dawa ya sukari hushusha sukari; vikikutana mtu aweza kuzimia jikoni pake. Kitunguu saumu kingi, tangawizi nyingi na habasoda, kwa anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, huweza kumletea kutokwa na damu. Kubwa zaidi ni kuiacha dawa ya hospitali kwa kutegemea ya nyumbani. Mwaka 2011 umati mkubwa ulikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, wakiwamo wagonjwa wa ukimwi na wa kisukari walioacha vidonge vyao baada ya kunywa. Simtaji marehemu kwa ubaya, kwani bei ile haikuwa bei ya tamaa. Nawahuzunikia walioviacha vidonge, kwa sababu kikombe kile hakikupewa mpaka wowote, na hakuna aliyekaa nao usiku kuwatazama.

Ni nani basi atakayekaa badala ya bibi? Naona aliye karibu zaidi ni mfamasia wa mtaani. Tangu tarehe 31 Januari 2024 wafamasia wa England wana idhini ya kutibu maradhi 7, hata kwa viuavijasumu pale inapolazimu, bila ya mgonjwa kusubiri miadi ya daktari: maumivu ya koo, maumivu ya sikio kwa watoto, uvimbe wa matundu ya ndani ya pua, kuumwa na mdudu kulikoingia vijidudu, upele wa usaha, mkanda wa jeshi, na maradhi ya mkojo kwa wanawake. Nenda kwake na mfuko wa dawa zako zote, na ule unga wa bibi uwemo, umwonyeshe bila ya haya. Wengi huuficha wakidhani watachekwa, kisha mfamasia akatoa dawa isiyopatana nao. Kwa ushauri wa usiku ipo simu 111, nanyi mna haki ya kuomba mkalimani.

La mwisho ni homa ya safari, na hapa nasema kwa uzito wote nilio nao. Tunapokwenda Mombasa au Tanga kuwaona wazee, twajidhani wenyeji ambao malaria haituwezi, ilhali kinga ile hupungua kwa mtu akaaye Ulaya miaka, na watoto wetu waliozaliwa hapa hawakuwa nayo kamwe. Ndiyo maana sehemu kubwa ya malaria inayoonekana Uingereza ni ya watu waliokwenda kuzuru jamaa. Nunueni vidonge vya kinga kabla ya kupanda ndege. Mkirudi, homa yoyote ndani ya mwaka mmoja, na hasa katika miezi 3 ya mwanzo, msiichemshie mwarobaini. Ni kweli kwamba kwinini, dawa ya malaria, ilitoka katika gome la mti, na artemisinini, iliyompa Tu Youyou wa Uchina tuzo ya Nobel mwaka 2015, ilitoka katika majani. Lakini nguvu zake zilipatikana baada ya kutolewa na kupimwa, na chai ya majani haina kipimo hicho. Nendeni siku ile ile katika idara ya dharura, kama ile ya West Middlesex pale Isleworth, mkaitaje nchi mliyotoka na tarehe mliyorudi hata kama hamkuulizwa, mkaombe damu ipimwe malaria. Kipimo cha kwanza kikitoka safi na homa ingaliko, hurudiwa hata mara 3 katika siku 2, kwa hiyo msiridhike na kimoja.