Tezi za Kwapani Baada ya Dawa za Saratani
Mwanamke ambaye saratani ya titi ilikwisha kumfika kwenye tezi za kwapani, akatiwa dawa mshipani miezi kadhaa hata uvimbe ukanywea na mkono wa tabibu usihisi kitu, hubakiwa na suali zito: je, tezi zile zimesafika kweli?

Zamani zilikatwa nyingi kwa pamoja, na baadhi ya wanawake wakaishi na mkono uliovimba. Siku hizi mpasuaji hudunga titini rangi ya buluu na dawa yenye mionzi hafifu, akazitoa tezi za mwanzo kuzipokea, zikachunguzwa kwa hadubini. Lakini utafiti wa Marekani wa mwaka 2013 ulibainisha kwamba, hata zikitolewa tezi mbili au zaidi, katika kila wanawake 100 wenye mabaki ya maradhi kwapani, wapatao 13 hudhaniwa wamesalimika.

Kwa hiyo naona ni busara kubwa kutia kijipande cha madini ndani ya tezi iliyothibitika kuugua, kabla ya dawa kuanza, ili siku ya upasuaji itafutwe iyo hiyo. Basi, dada yangu, kabla ya chupa ya kwanza, muulize daktari: “Tezi yangu imetiwa alama?”