Unayejifunza Pikipiki, Jifunze na Kuanguka
Ndugu msikilizaji wa Masasi na Newala, leo tunaongea nawe unayejifunza pikipiki. Anzia uwanja wa wazi, usianzie mteremko wa Newala. Mchanga wa uwanda wetu wa Makonde ni mwingi. Ukikamata breki ya mbele ghafla ukiwa kwenye kona, tairi linateleza, uko chini.

Ukianguka, achia pikipiki iende zake! Chuma hutengenezwa. Usitangulize kiganja kuuzuia mwili, maana kifundo cha mkono huvunjika. Bana kidevu kifuani, jiviringishe. Na kofia ngumu ifungwe mkanda, tafadhali sana.

Aliyeumia shingo, kama anapumua vizuri, asiinuliwe wala kuvuliwa kofia kwa pupa. Mhudumu wa afya aitwe haraka.