Uso Uliofunikwa Mbele ya Sheria



Mtu wa pwani wa zamani aliposikia neno barakoa alifahamu kitu kimoja tu: kile kifuniko cha uso chenye matundu ya macho, walichovaa mabibi wa Kiarabu wa Unguja na Omani walipotoka nje. Kilikuwa ni alama ya heshima na ya daraja, mjakazi hakukivaa. Tangu mwaka 2020 neno lilo hilo limekuwa jina la kitambaa cha kuziba pua na mdomo kwa sababu ya maradhi ya Korona, na watoto wa shule wanalijua kwa maana hiyo. Basi mtunga sheria akiandika kwamba ni marufuku kuvaa barakoa hadharani, watu hawana budi kumwuliza: barakoa ipi, na aliyeivaa anafanya nini? Nchi nyingi zimetunga sheria za namna hiyo, na nyingi katika hizo zimekwama papo hapo penye swali hilo.

Kisa cha kale kilicho mashuhuri ni cha jimbo la New York, Marekani. Katika bonde la mto Hudson jamaa chache za matajiri zilimiliki ardhi kubwa tangu zama za ukoloni, na maelfu ya wakulima walikuwa wapangaji wao, baba kwa mwana kwa mjukuu, wakilipa kodi ya ngano, ya kuku, na ya siku kadha za kazi kila mwaka. Mwaka 1839 wakulima hao walianza kugoma. Ofisa wa serikali alipokuja na hati ya kukamata mali ya mtu, lililia baragumu la bati, wakatokea watu waliovaa magauni ya vitambaa vya rangi, nyuso zao wamezifunika kwa vinyago vya ngozi, wakajiita Wahindi Wekundu. Walimnyang'anya ofisa hati zake wakazichoma moto, na pengine yeye mwenyewe wakampaka lami na manyoya. Januari 1845 Baraza la jimbo likatunga sheria: mtu yeyote aliyejipaka rangi usoni au kujifunika hata asitambulikane, akionekana barabarani, shambani au mwituni, aweza kukamatwa. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule ofisa mmoja, jina lake Osman Steele, alipigwa risasi akafa huko Andes, alipokwenda kusimamia mnada wa ng'ombe wa mkulima aliyedaiwa kodi.

Hapana mwenye akili atakayesema kwamba serikali haikuwa na haki ya kuzuia mauaji. Lakini tazama yaliyofuata. Mwaka 1846 katiba mpya ya jimbo ilikataza mikataba mipya ya kupangisha mashamba ipitayo miaka 12. Dai la watu wale, basi, lilionekana kuwa lina haki ndani yake. Na juu ya hayo sheria iliyotungwa kwa ajili yao haikuondoka. Ilibaki katika vitabu, ikageuzwa maneno mara hii na mara hii, kwa muda wa miaka 175. Mwaka 2011 polisi wa jiji la New York waliitumia kuwakamata vijana waliopiga kambi karibu na Wall Street kulalamikia nguvu za matajiri, watu ambao hawakuwa na habari yoyote ya kodi ya kuku. Ilifutwa mwaka 2020, wakati serikali ile ile ilipokuwa ikiwaamuru raia wote wajifunike. Na haikupita miaka mingi: mwaka 2024 wilaya ya Nassau, iliyo ubavuni mwa jiji lile, ikatunga nyingine, yenye faini ya hata dola 1,000 au kifungo cha hata mwaka mmoja. Sheria hiyo inamwacha huru mgonjwa na mwenye kufuata dini yake. Lakini atakayepima barabarani kama mtu ni mgonjwa au ni mcha Mungu ni askari mwenye pingu mkononi. Mzigo huo ni mzito kwa askari, na ni mzito zaidi kwa anayepimwa.

Hata hivyo wanaotetea sheria hizi wanayo hoja moja yenye uzito, na si haki kuiruka. Katika majimbo ya kusini ya Marekani chama cha Ku Klux Klan kilijificha ndani ya makofia ya nguo nyeupe, kikawapiga mijeledi, kikawachomea nyumba na kuwaua watu weusi, na asubuhi yake wale wale waliofanya hayo wakaonekana madukani na maofisini kama watu wema. Kifuniko cha uso kwao kilikuwa ni silaha. Jimbo la Alabama lilikataza vinyago hivyo mwaka 1949, na Georgia mwaka 1951. Mwaka 1990 kesi ya mtu mmoja wa Klan aliyejitokeza hadharani na kofia yake ilifika mbele ya Mahakama Kuu ya Georgia. Majaji waliithibitisha sheria, lakini waliisoma kwa masharti: humpata yule tu aliyefunika uso kwa kusudi la kujificha, hali akijua, au ikimpasa kujua, kwamba kufanya hivyo kunawatia watu hofu ya kudhuriwa. Hapo ndipo sheria hizi zilipokaribia zaidi uadilifu, kwa kuwa majaji waliacha kuitazama nguo peke yake, wakatazama nia na madhara.

Ajabu ni kwamba Alabama hiyo hiyo, iliyokataza vinyago mwaka 1949, miaka saba baadaye ilisimama upande wa pili. Mwaka 1956 serikali ya jimbo ilikishtaki chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, na kukidai kitoe orodha ya majina ya wanachama wake wote waliokuwamo jimboni. Chama kilikataa, kikatozwa faini ya dola 100,000. Kila mtu alifahamu kitakachowapata wenye majina yale: kufukuzwa kazi, kupigwa, kutishwa watoto wao. Mwaka 1958 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote kwa kauli moja, iliamua kwamba serikali haina haki ya kuyapata majina hayo, kwa kuwa raia anyimwaye siri mara nyingine huwa amenyimwa na uhuru wa kukusanyika na wenzake. Mtu akiziweka habari hizi mbili pamoja ataona kwamba kujificha kwa mwenye nguvu amwendeaye mnyonge usiku, na kujificha kwa mnyonge amkimbiaye mwenye nguvu, hakuwezi kupimwa kwa ratili moja.

Ufaransa ndiko jambo hili lilikowagusa Waislamu waziwazi. Sheria ya tarehe 11 Oktoba 2010, iliyoanza kutumika Aprili 2011, inasema kwamba hapana mtu atakayevaa hadharani vazi la kuficha uso. Haikutaja nikabu wala haikutaja Uislamu. Inawaacha huru mwenye kofia ya pikipiki, mganga, mwanamichezo na mcheza ngoma wa sikukuu. Wakishatolewa hao wote, anayebaki ni mwanamke mwenye nikabu, na hapakuwa na mtu Ufaransa asiyelijua hilo. Wanawake hao walihesabiwa kuwa kiasi cha 1,900 mwishoni mwa mwaka 2009, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 60. Anayevunja sheria hutozwa hata euro 150, au hupelekwa kusoma darasa la uraia. Kipo na kifungu kinachomwadhibu mwenye kumlazimisha mwanamke kujifunika, na kifungu hicho hakuna atakayekilaumu.

Bibi mmoja kijana, raia wa Ufaransa, aliipeleka dola yake mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliyoko Strasbourg. Alieleza kwamba havai nikabu kila siku, kwamba hakuna mume wala ndugu anayemshurutisha, na kwamba yu tayari kuufunua uso benki au uwanja wa ndege akitakiwa. Hukumu ilitoka tarehe 1 Julai 2014. Majaji walizikataa hoja kubwa za serikali moja moja: hoja ya usalama, kwa kuwa kukataza kila mahali na kila wakati ni kupita kiasi, hoja ya usawa wa wanawake, kwa kuwa dola haiwezi kumkinga mwanamke na haki anayoitumia mwenyewe. Kisha wakaikubali hoja moja iliyobaki, ya kwamba watu wa nchi moja wana haki ya kuonana nyuso ili waishi pamoja. Majaji 15 waliafiki, wawili wakapinga wakisema hoja hiyo ni ya kukisia mno. Mwaka 2018 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, ikitazama malalamiko ya wanawake wengine wawili, ilikata shauri kinyume: Ufaransa imevunja haki zao.

Yapasa kusemwa, maana hadhira hii inalifahamu, kwamba wanazuoni wenyewe wamehitilafiana juu ya nikabu. Wengi wamesema uso na viganja si uchi, wengine wamewajibisha kufunika, na katika ihramu mwanamke hukatazwa nikabu. Hitilafu hiyo mahali pake ni darasani mbele ya kitabu, na kuiamua si kazi ya askari wa barabarani. Mwaka 2020 jambo lenyewe lilizidi kuwa la ajabu: ndani ya mabasi ya Paris mwanamke asiyeziba pua na mdomo kwa kitambaa cha hospitali alitozwa faini ya euro 135, na aliyeziba kwa kitambaa cha nikabu alikabiliwa na ile ya 150. Uso wa wote wawili haukuonekana.

Katika Afrika hofu imekuwa na sababu ya damu. Juni 2015 mabomu yaliua watu wengi mjini N'Djamena, na baada ya siku mbili serikali ya Chad ikapiga marufuku nikabu na kila kifuniko cha uso. Tarehe 11 Julai, marufuku ikiwa imekwisha tangazwa, mwanamume aliyejivika buibui la wanawake alijilipua penye soko la mji ule ule, akaua watu kadha. Aliyekusudia kufa hakujali faini. Kongo ya Brazzaville nayo ilikataza nikabu mwaka huo, ijapokuwa huko halijatokea shambulio la namna hiyo. Mwanamke kukaguliwa na askari mwanamke penye mlango wa soko ni jambo ambalo Waislamu wengi wangelikubali bila ya manung'uniko, nalo huikinga roho ya mtu kuliko tangazo la redio.

Hong Kong nako, Oktoba 2019, serikali ilikataza barakoa katika maandamano kwa nguvu ya sheria ya dharura ya mwaka 1922, urithi wa ukoloni wa Kiingereza. Mahakama ya juu ya huko iliithibitisha marufuku hiyo Desemba 2020, wakati watu wa mji ule walikuwa wamelazimishwa kuvaa barakoa tangu Julai.

Na serikali yenyewe ikificha uso? Swali hilo limechelewa kuulizwa. Septemba 2025 gavana wa California alitia saini sheria ya kuwakataza maofisa wa dola kufunika nyuso wanapowakamata watu, na serikali kuu ya Marekani ikaipinga mahakamani. Karibu zaidi ni Kenya. Katika maandamano ya mwaka 2024 juu ya Muswada wa Fedha, vijana walichukuliwa na watu waliofunika nyuso, katika magari yasiyo na alama, na jamaa zao wakazunguka vituo vya polisi bila ya kujua wamwulize nani. Mzazi hawezi kumshtaki mtu asiye na uso, wala jina, wala namba. Agosti mwaka ule Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru kwamba polisi wanaopelekwa kwenye maandamano wavae sare, waonekane nyuso, na wajulikane kwa jina au namba. Tarehe 7 Julai 2025, siku ya Sabasaba, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilitangaza kwamba polisi wasio na sare, waliofunika vichwa na nyuso, wameonekana tena wakizunguka katika magari yasiyo na alama.