Mikono Yetu Ndiyo Mtaji Wetu
(Maneno ya kikundi cha maseremala katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)



Awali ya yote tunaishukuru Kamati kwa kutupa nafasi siku ya leo. Wenzetu wamezungumza juu ya amani na juu ya kurudi nyumbani. Sisi tunaomba kuzungumza juu ya vidole. Mkimbizi aliyeacha shamba, nyumba na mifugo alivuka mpaka na mikono yake. Huo ndio mtaji uliobaki, na mashine inaweza kuuharibu kwa sekunde moja.

Chombo tunachotaka kukieleza ni kikata duara. Hufungwa kwenye mashine ya kutoboa mbao. Katikati kina keekee ya kushika kitovu, na ubavuni kina mkono wa chuma wenye kisu. Mkono huo husogezwa ili kupata duara kubwa au dogo: tundu la spika, kikalio cha kigoda, gurudumu la kigari cha mtoto. Kazi ni ya haraka, na haraka hiyo ndiyo inayotuponza.

Hatari yake ni kwamba mkono ule ukizunguka hauonekani. Kwa mizunguko 500 kwa dakika, kisu hupita mahali pamoja zaidi ya mara 8 kila sekunde. Tena kisu kiko upande mmoja tu, uzito haulingani. Kasi ikizidi chombo hutetemeka, skrubu hulegea, na kisu chaweza kuruka. Kwa hiyo tunashika mambo yafuatayo:

1. Kikata duara hutumiwa kwenye mashine ya kusimama tu. Hakifungwi kamwe kwenye mashine ya kushika mkononi.

2. Kasi iwe ndogo, isizidi ile iliyoandikwa na mtengenezaji. Duara likiwa kubwa, punguza zaidi.

3. Ubao ufungwe mezani kwa klampu, pamoja na kipande cha ubao chakavu chini yake. Usiushike kwa mkono.

4. Kaza skrubu zote, toa ufunguo, kisha zungusha chombo kwa mkono mashine ikiwa imezimwa, uone kama kisu hakigusi klampu.

5. Vaa miwani ya usalama. Usivae glavu, saa, mikono mirefu wala kitambaa kinachoning'inia, kwa maana vikinaswa huvuta mkono pamoja navyo.

6. Shusha kisu polepole. Ukifika nusu ya unene, zima, geuza ubao, ufunge tena, umalizie upande wa pili ukifuata tundu la kitovu. Usitoe maranda wala kipande kilichokatika kabla chombo hakijasimama kabisa.

7. Umeme wa jenereta ukikatika, zima swichi ya mashine papo hapo. Umeme ukirudi nawe umeshika kisu, mashine haitakuuliza.

Vipimo navyo ni usalama, maana anayekosea hurudia kazi kwa hasira. Ukitaka tundu la sentimita 20, pima sentimita 10 kutoka kitovu hadi ukingo wa nje wa kisu. Ukitaka kipande cha duara chenyewe, pima hadi ukingo wa ndani.

Vijana mnaojifunza, msione haya kumwambia fundi mkubwa, "Mzee, klampu haijakazwa." Mafundi nasi tusiwakaripie.

Kwa wageni wetu wa mashirika, tunashukuru kwa vifaa. Tunaomba kila mashine iletwe pamoja na kinga yake, miwani, klampu, na maelezo katika lugha tunayoisoma. Tunaomba pia oda za madawati zisiwekewe siku chache mno. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, katika ibara ya 24, unataja madhara yanayompata mtu kazini. Ni jambo jema, lakini kidole kilichokatwa hakirudishwi na ibara. Kinga iliyofungwa kabla ya kazi ndiyo inayokiokoa.

Siku tutakayorudi makwetu, kuna nyumba za kujenga na milango ya kutundika. Tunataka kufika na vidole vyote kumi.