Darasa Zima Ndani ya Ngome

Walimu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, leo tuna uhalisia pepe, ile miwani ambayo ukiivaa unajiona umesimama mahali pengine, na ukigeuka unaona kilicho nyuma yako.

Shida ni kwamba miwani ni moja, watoto 50. Mmoja anashangaa, 49 wanamtazama akishangaa. Hapo hakuna somo.

Mwaka 2015 Google walileta programu ya Expeditions. Kila mtoto alishika kiboksi cha kadibodi chenye lenzi mbili, simu ndani yake. Mwalimu alikuwa na tableti. Vyote viliunganishwa kwa rauta moja, na safari ikishapakuliwa, intaneti haikuhitajika tena. Mwalimu akigusa jambo kwenye tableti, mshale unawatokea watoto wote kuwaonyesha watazame wapi. Naye aliona vijisura vinavyomwambia nani anatazama wapi, kwa hivyo mtoro wa macho alijulikana! Juni 2021 Google waliifunga programu hiyo. Mimi naona thamani yake ilikuwa ule mshale, si kadibodi.

Na mshale hauhitaji miwani. Kuanzia 2016 serikali ilipeleka tableti, kompyuta za walimu na projekta katika shule za msingi za umma. Kama bado zimo kabatini, zitoeni. Ombeni ruhusa Ngomeni, yaani Fort Jesus, mpige uani picha ya nyuzi 360, kisha muiweke ukutani kwa projekta. Uliza, “Mizinga inaelekea wapi?” Watoto wapaze sauti, kushoto, kulia, nawe uzungushe picha wanavyotaka. Siku ya ziara watafika na maswali yao.

Maana ngome yenyewe wapelekeni, haiko mbali. Uhalisia pepe ungefaa zaidi kwa kilicho majini chini yake: Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyozama 1697 Waomani wakiwa wameizingira ngome. Waakiolojia waliichimba kuanzia 1977 hadi 1980, na baadhi ya vitu vyake vimo kwenye makumbusho ya ngome. Kule chini, basi la shule halifiki.

Mkipanga kununua vile viboksi, jaribuni simu kwanza. Fungua video ya nyuzi 360, geuka na simu mkononi. Picha isipogeuka nawe, simu hiyo haina jairoskopu, kihisi kinachotambua simu ikigeuka, kama zilivyo nyingi za bei nafuu, na kiboksi hakitaisaidia.